Je, bastola ya kiunoni inahitaji mkoba wake, au mkanda wa suruali unatosha?

Mchuuzi wa Mawese (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni mfanyabiashara wa mawese na dagaa hapa Kigoma mjini, na kwa kuwa hubeba fedha za mauzo kati ya Kasulu, Uvinza na mjini, huu ni mwaka wa tatu namiliki bastola kwa kibali halali. Ni ile ya Kichina iliyoigwa kutoka Makarov ya Warusi, yenye magazini ya risasi 8. Tangu nilipoanza kuibeba nimekuwa nikiichomeka kiunoni, upande wa kulia kuelekea nyuma, kisha nakaza mkanda na kuachia shati juu yake. Sikuwahi kuona haja ya jambo jingine.

Wiki mbili zilizopita nilipanda bodaboda kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Njiani dereva alikwepa shimo kwa ghafla, nami nikahisi chuma kinateremka taratibu juu ya mfupa wa nyonga, kikapita chini ya mkanda, kikaingia ndani ya suruali na kukwama pajani. Nilimwomba dereva asimame kwa kisingizio cha tumbo, nikaenda nyuma ya mwembe, na huko nikaanza kuisukuma bastola kuelekea chini kwa kuipapasa juu ya kitambaa, kama mtu aliyeingiliwa na panya. Ilipotokea kwenye kifundo cha mguu nikaona kwamba sefti, yaani kile kitasa cha kuifunga silaha isilie, imeshuka, silaha ilikuwa tayari kupiga, na risasi moja ilikuwa chemba, yaani nyuma ya mtutu ikingoja kufyatuliwa. Sikumbuki kabisa kuishusha sefti hiyo.

Shemeji yangu aliyeko Tabora amenishauri ninunue mkoba wa bastola, ule ambao wengine huuita holista na mafundi huuita kava. Bei aliyonitajia si ndogo, na kusema kweli mimi nimekuwa nikiiona mikoba hiyo kuwa ni mapambo ya polisi na ya watu wa sinema. Mfanyabiashara akivaa kitu kama kile, je, hatakuwa amewatangazia wezi? Zaidi ya hapo, silaha yangu ina sefti, nami si mtoto. Naomba mwenye ujuzi anieleze, mkoba unaongeza nini hasa ambacho mkanda na uangalifu haviwezi kukifanya?

Mzee wa Cheyo (Tabora)

Mdogo wangu, pole sana kwa yaliyokukuta, na umshukuru Mungu kwamba tunasoma maneno yako mwenyewe badala ya kusoma habari zako. Kabla ya kustaafu nilitumia miaka mingi katika ghala la silaha, nikizipokea, nikizisafisha na kuzitoa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Umeuliza mkoba unaongeza nini. Unafunika kifyatulio, basi. Mengine yote yanafuata nyuma ya hilo. Kifyatulio, au triga kama vijana wanavyosema, hakina akili ya kutofautisha kidole cha mwenye bastola na ncha ya shati, ufunguo wa pikipiki, kamba ya suruali au kidole cha mtoto uliyempakata. Chochote kinachoingia ndani ya lile duara la chuma linalokizunguka na kukisukuma kwa nguvu ya kutosha kitapewa jibu lile lile. Mkoba uliotengenezwa vizuri hulifunika duara hilo pande zote mbili kwa kitu kigumu, hivyo kwamba bastola ikiwa ndani hata ukitaka kwa makusudi kukifikia kifyatulio hukifikii. Mkanda wa suruali huishika bastola kwa kuibana tu, na kifyatulio chake kiko wazi, kimelalia nguo.

Sasa turudi nyuma ya mwembe. Jambo la hatari kuliko yote katika kisa chako halikuwa kuteleza kwa bastola. Chuma kinachoanguka peke yake mara nyingi huanguka tu. Hatari ni ule mkono wako uliokwenda kuitafuta. Mtu anapohisi kitu cha thamani kinamponyoka, mkono hukimbia kukidaka kabla akili haijatoa ruhusa, na vidole hushika popote vinapofika. Kwa umbo la bastola, mahali ambapo kidole hupata pa kuingilia upesi ni pale pale penye kifyatulio. Wewe ulikuwa ukipapasa juu ya kitambaa bila kuona unachokisukuma, mtutu ukiwa umeelekea goti lako au pengine mahali pabaya zaidi.

Kuna mfano unaojulikana duniani. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Plaxico Burress wa timu ya New York Giants, aliingia katika klabu moja ya usiku mjini New York mwezi Novemba 2008 akiwa na bastola aina ya Glock aliyoichomeka kwenye kiuno cha suruali ya mazoezi. Suruali ile hata mkanda haina. Bastola ikaanza kuteremka mguuni, akaidaka, ikalia, risasi ikapenya pajani mwake. Mtu huyu ndiye aliyekuwa ameidaka pasi ya ushindi katika fainali ya ligi yao mwezi Februari wa mwaka ule ule; mikono yake ilikuwa ikilipwa kwa kazi ya kudaka. Alipona jeraha, lakini mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa sababu hakuwa na kibali cha kuwa na silaha katika jiji lile. Wewe kibali unacho, lakini paja ni lile lile.

Umesema silaha yako ina sefti. Ni kweli, na ni sefti nzuri: katika Makarov ukiipandisha juu, nyundo, kile chuma cha nyuma kinachopiga, hujishusha yenyewe bila kuigonga pini inayolipua risasi, na silaha hufungika. Lakini angalia ilipo. Iko nje, ubavuni mwa bastola, upande wa kushoto, na kwa mtu anayebeba kiunoni kulia upande huo ndio unaolalia mwili na nguo. Kuishusha chini ndiko kunakoifungua. Bastola yako ilipokuwa ikijipenyeza kati ya mkanda na nyonga, kitu kiliisukuma sefti hiyo chini. Huenda ni pindo la suruali, huenda ni mkono wako mwenyewe. Kilichokuokoa ni kwamba nyundo ilikuwa chini, na katika hali hiyo risasi ya kwanza huhitaji kuvuta kwa nguvu nyingi na kwa safari ndefu. Laiti nyundo ingekuwa imevutwa nyuma, mguso mdogo sana ungetosha.

Tena wewe una nafuu. Bastola nyingi za siku hizi hazina kabisa sefti ya nje. Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982 na ambayo imeigwa na watengenezaji wengi tangu hapo, ina vizuizi vya ndani vinavyoizuia isilie ikianguka, na kile kijilimi kilicho juu ya kifyatulio chenyewe. Vyote hivyo huachia kifyatulio kinapovutwa, na ili kuvutwa kinahitaji takriban kilo 2.5 tu. Kwa silaha ya namna ile mkoba ndio sefti ya nje, na anayeibeba bila mkoba anatembea na sefti iliyofunguliwa kutwa nzima.

Kuhusu wezi, nadhani umelitazama jambo kwa upande wa pili. Umevaa shati la kuachia; uko dukani, unainama kupima mawese. Bastola isiyo na mkoba huzunguka, hutokeza kitako, nawe kila baada ya dakika chache unaigusa kuirudisha mahali pake. Huko kujigusagusa ndiko kunakowatangazia watu. Katika kazi yetu tulifundishwa kumtambua mwenye silaha kwa mkono wake kabla ya kuuona uvimbe kiunoni. Ipo mikoba ya kuvaliwa ndani ya suruali, yenye kibanio kinachoshika mkanda, na mtu hukaa nayo kutwa bila mkono wake kwenda huko hata mara moja.

Kijana wa Nguruka

Shikamoo mzee. Nimesoma maelezo yako kwa heshima, ila naomba kutofautiana kidogo. Mimi hubeba bastola kiunoni bila mkoba kwa muda mrefu, nami husafiri nayo mara kwa mara. Dawa ni moja tu: usiweke risasi chemba. Bastola yenye chemba tupu hailii hata ukiikanyaga, na fedha ya mkoba unaweza kununulia kitu kingine.

Mzee wa Cheyo (Tabora)

Marahaba kijana. Kuacha chemba tupu ni uamuzi wenye maana, na mtu asiyepata nafasi ya kufanya mazoezi namshauri aanzie hapo. Lakini mwenzako hapo juu aliamini pia kwamba sefti yake iko juu. Chemba tupu ni jambo unaloliamini kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyeamka saa kumi za usiku kuwahi treni si kitu cha kuwekea paja rehani. Zaidi ya hayo, chemba tupu haiizuii bastola kudondoka kituoni mbele ya watu, wala haimzuii mtu aliyesimama nyuma yako kwenye msongamano kuichomoa. Ikipotea, utakayeitwa kueleza ni wewe ambaye jina lako limo kwenye kibali, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea.

Fundi Ngozi (Tabora)

Ndugu zangu, salaam. Mimi hushona viatu, mikanda na ala za visu hapa Tabora mjini, na nimeshawahi kushona kava za bastola kwa wateja wachache wenye vibali. Naomba nichangie kwa upande wa kazi yenyewe, kwa maana mkoba mbaya unaweza kuwa na hatari kuliko kutokuwa na mkoba, na mtu anayekwenda kununua anapaswa ajue anachokitazama.

Kosa la kwanza ninaloliona ni watu kununua vile vifuko laini vya kitambaa vinavyoandikwa kwamba vinafaa kwa bastola zote. Kifuko kinachofaa kwa zote hakijashika hata moja. Kitambaa laini hukunjamana, na ukikibonyeza kwa nje unakigusa kifyatulio kilichomo ndani kana kwamba hakuna kitu kati. Jaribu mwenyewe, bastola ikiwa tupu: ingiza kwenye kifuko, kisha bonyeza kwa kidole gumba mahali penye lile duara. Kidole kikizama, kirudishe dukani.

Mimi hutumia ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3 hadi 4. Naikata, naishona kwa mkono kwa uzi niliousugua nta ya nyuki, ambayo hapa kwetu Tabora haijawahi kuwa shida kuipata, kisha nailoweka ngozi katika maji ya uvuguvugu mpaka ilainike kama ulimi. Hapo ndipo naingiza kielelezo. Nasema kielelezo kwa sababu sikubali bastola ya kweli mezani kwangu. Nina umbo la mbao nililochonga kwa vipimo, na mteja ambaye silaha yake ni ya umbo jingine namwomba alete ya plastiki ya mfano. Ngozi ikiwa bado mbichi naibonyeza kwa kipande cha mfupa, nikiufuata mstari wa mtutu, kisha nazunguka duara la kifyatulio mpaka alama yake itokeze kwa nje. Inakaa kivulini siku nzima au zaidi. Ikikauka inakuwa imelishika umbo lile, na ukiingiza bastola unasikia mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Ukigeuza mkoba juu chini, bastola haianguki.

Mdomo wa mkoba ndio sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote. Naushonea kipande cha pili cha ngozi ili ubaki wazi bastola inapotoka. Mdomo ukilegea na kujikunja kwa ndani, siku moja ngozi yenyewe itaingia kwenye duara wakati mtu anairudisha bastola, itasukuma kifyatulio, na atajipiga kwa mkoba alioununua ajilinde nao. Kava la ngozi lililozeeka na kulegea kama soli ya kandambili halifai tena hata kama lina kumbukumbu ya marehemu baba. Ile mikoba ya plastiki ngumu, ambayo watu huiita kaideksi, haina ugonjwa huo, ingawa kwa joto letu hubana na kuchubua ngozi ya mwili mpaka mtu azoee.

Jambo jingine dogo: usiilaze bastola ndani ya kava la ngozi usiku kucha kwa miezi. Ngozi hunywa jasho, na jasho ni chumvi. Wateja wangu wa pande za ziwani huniletea makava yenye doa jekundu la kutu kwa ndani, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye vitanzi vya ngozi hufanya ukungu wa kijani. Hilo hata kiuno kitupu hukufanyia, tena haraka zaidi, kwa kuwa bila mkoba jasho lote linakwenda moja kwa moja kwenye chuma.

Mama wa Duka (Urambo)

Habari zenu. Mmezungumza kana kwamba kila mwenye silaha huvaa suruali na mkanda. Mimi ni mjane, naendesha duka la pembejeo, na bastola niliyonayo hukaa katika pochi yangu ya mkononi. Mwanzoni niliitupia humo pamoja na funguo, kalamu, kitambaa na simu. Siku moja nilikuwa nikitafuta funguo za ghala kwa kupapasa, nikauvuta mnyororo wa funguo, nikaona unanasa. Nilipochungulia nikakuta kipande cha mnyororo kimepita ndani ya duara la kifyatulio. Niliketi pale sakafuni kwa muda, mguu haukutaka kuninyanyua.

Tangu siku hiyo bastola ina mkoba wake mgumu unaoziba kifyatulio, na mkoba huo umeshonewa ndani ya mfuko wa pembeni wenye zipu, ambamo hakiingii kitu kingine chochote. Kwa hiyo dada zangu wanaosoma hapa wasidhani kwamba pochi ni mkoba. Pochi ni gunia, na silaha ndani ya gunia bado inahitaji ala yake. Vilevile pochi haiachwi kwenye kiti cha wageni, wala haiwekwi mahali ambapo mjukuu anaweza kutafutia pipi.

Mzee wa Cheyo (Tabora)

Mama, umesema kweli kabisa, na umenikumbusha nililolisahau. Wazee wetu walipokwenda porini kurina asali walikitia kisu ala kabla ya kukitia kwenye mkoba wa safari, na kisu hakirushi kitu mbali.

Naomba niongeze la kurudisha bastola mahali pake, kwa sababu Fundi amelidokeza. Kuchomoa kuna ajali zake, lakini kurudisha kuna ajali nyingi za kipuuzi, maana hapo mtu huwa ameshajiona yuko salama. Mwenye kurudisha hana mtu anayemkimbiza. Anyanyue shati kwa mkono wa kushoto mpaka juu, anyooshe kidole cha shahada kando ya bastola mbali na kifyatulio, atazame mdomo wa mkoba kwa macho, aweke sefti juu, ndipo aingize polepole. Kwa bastola yenye nyundo ya nje kama ya Mchuuzi, aweke kidole gumba juu ya nyundo anapoingiza. Nyundo ikianza kuinuka atajua sefti haiko juu na kuna kitu kinasukuma kifyatulio, naye atasimama. Bora zaidi ni kuvaa mkoba ukiwa na bastola ndani tayari, na jioni kuuvua vivyo hivyo pamoja na bastola yake, kuliko kuichomoa na kuirudisha mara tano kwa siku bila sababu.

Mchuuzi wa Mawese (Kigoma)

Wazee wangu, mama na ndugu zangu, nimesoma yote na ninashukuru sana. Jana nilifanya jaribio alilolitaja Fundi, ila kwa kutumia suruali yangu badala ya kifuko. Nilitoa magazini, nikahakikisha chemba ni tupu mara mbili, nikaichomeka bastola kiunoni kama kawaida yangu, kisha nikatembea, nikakaa, nikainama na kupanda ngazi za ghala. Katika robo saa niliigusa mara kumi na moja. Mke wangu ndiye aliyekuwa akihesabu. Sefti ilishuka mara moja, nilipokuwa nikiketi kwenye gunia. Nimeshamtumia shemeji fedha ya mkoba wa ngozi wa kuvaa ndani ya suruali, na bei niliyoiona kubwa ni ndogo kuliko ya pipa moja la mawese.

Nina swali moja la mwisho. Mara mbili au tatu kwa mwezi huenda kwa boti kwenye vijiji vya mwambao kununua dagaa, na ziwa likichafuka tunarushwa kwelikweli. Je, mkoba peke yake unatosha huko?

Mzee wa Cheyo (Tabora)

Kwa boti mwambie shemeji achague mkoba wenye kikanda kinachopita juu ya nyuma ya bastola na kufungwa kwa kifungo cha kubana, unachokifungua kwa kidole gumba tu. Kisha tazama chini ya kitako cha Makarov yako, upande wa kushoto, utaona kitanzi kidogo cha chuma ambacho pengine hukuwahi kujiuliza ni cha nini. Hicho ni cha kamba. Funga kamba imara kutoka hapo hadi kwenye mkanda, urefu wake ukutoshe kunyoosha mkono. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika takriban mita 1,470, na hakuna mzamiaji utakayempa nauli ya kwenda huko na kurudi.

Na mkanda pia ubadilishe. Huo wa suruali ya kanisani hautaubeba mkoba. Tafuta wa ngozi ya tabaka mbili, upana wa sentimita 4, usiojikunja ukiushika kwa ncha moja.

Fundi Ngozi (Tabora)

Mkanda wa namna hiyo ninao, tabaka mbili, umeshonwa pande zote. Shemeji yako akija kuchukua kava, aje na kipimo cha kiuno chako kilichopimwa ukiwa umevaa kava lenyewe au kitu cha unene huo, kwa sababu huongeza sentimita kama 4, na wengi huurudisha mkanda kwangu kwa kulisahau hilo.